Ugatuzi wahitaji hesabu za kaya

Tangu serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka wa 2013, kila anayewania ugavana huwaahidi wakazi kwamba atawaondolea umaskini, naye anayetetea kiti chake hudai kwamba amekwisha kuupunguza. Ni vigumu kuthibitisha dai la yeyote kati yao, kwa kuwa hatuna mfululizo mrefu wa hesabu za kila mwaka unaoonyesha pato la kaya ya kawaida katika kila kaunti, na kama limepanda au limeshuka.

Kaya ya kawaida ni ipi? Tuchukue mfano wa kaya tano zinazopata shilingi 8,000, 10,000, 12,000, 15,000 na 155,000 kwa mwezi. Wastani wake ni shilingi 40,000, ilhali kaya nne kati ya hizo tano haziufikii hata kwa mbali. Lakini zikipangwa kuanzia ya chini hadi ya juu, ile ya katikati ina shilingi 12,000. Hilo pato la katikati ndilo linaloeleza hali ya watu wengi, maana tajiri mmoja hawezi kulivuta juu.

Kwa sababu iyo hiyo, tusidanganywe na takwimu za pato la jumla la kaunti. Mvuke wa Olkaria huzalisha umeme unaotumika nchini kote, na uzalishaji huo ni sehemu ya uchumi wa Nakuru. Lakini thamani yake haituelezi jirani wa visima vile amelala akiwa amekula nini.

Yamkini msomaji atauliza: hesabu hizi zina faida gani kwa mwananchi? Faida yake ni fedha. Katika mfumo wa kugawa mapato uliopitishwa na Seneti mwezi wa Septemba 2020, baada ya mvutano wa miezi kadhaa, umaskini ulipewa uzito wa asilimia 14. Kipimo kilichotumiwa kilitokana na uchunguzi wa kaya wa mwaka wa 2015/16, ambao ulikadiria umaskini nchini kuwa asilimia 36.1, Turkana ikiwa na asilimia 79.4 na Nairobi 16.7. Baadaye ulizuka ugonjwa wa korona, kisha misimu mitano ya mvua ikafeli mfululizo kaskazini na mashariki mwa nchi kati ya mwaka wa 2020 na 2022. Mfugaji aliyepoteza mifugo yake yote aliendelea kuhesabiwa kana kwamba zizi lake lingali limejaa.

Kazi yenyewe si nyepesi. Uchunguzi ule ulihusu takriban kaya 24,000, na idadi hiyo ikigawanywa kwa kaunti 47, kila moja hubakia na kaya mia tano hivi. Kwa hiyo mabadiliko madogo yanayoonekana baina ya mwaka na mwaka huenda yakawa ni bahati nasibu tu ya kaya zilizohojiwa. Aidha, wengi wetu hatuna mshahara: tunakula mahindi ya shamba letu na kutumiwa pesa na jamaa walio mjini. Ndiyo maana wataalamu wetu hupima matumizi ya kaya badala ya mapato. Isitoshe, uchunguzi wa 2005/06 ulifanywa kabla ya kaunti kuwapo, na shilingi ya wakati ule si shilingi ya leo. Anayelinganisha miaka bila kuondoa athari ya bei hujidanganya.

Hata hivyo, njia zipo. Marekani, yenye kaunti zaidi ya 3,000, hukadiria pato la katikati la kila kaunti kila mwaka kwa kuunganisha uchunguzi wa kaya na rekodi za kodi na za misaada ya chakula. Nasi tuliwahi kuunganisha uchunguzi wa mwaka wa 1997 na sensa ya 1999 ili kuchora ramani ya umaskini. Uchunguzi endelevu wa kaya, uliokadiria umaskini kuwa asilimia 38.6 mwaka wa 2021 na 39.8 mwaka wa 2022, ni hatua njema.

Serikali haina budi kuugharimia uchunguzi huo kila mwaka bila kukatiza, kuongeza kaya zinazohojiwa katika kila kaunti, na kutangaza kila kadirio pamoja na kiwango cha kosa linaloweza kuwamo. Magavana nao wakubali kupimwa kwa hesabu hizo, ziwapendeze zisiwapendeze.

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mabilioni hutumwa kwenye kaunti kila mwaka. Mwananchi ana haki ya kulifungua daftari na kuona kama yamemfikia.