Hati ya Polo Iko kwa Nani?

Taja polo pale steji ya Naro Moru na jibu utalipata kabla matatu ya Nanyuki haijajaa: hayo ni mambo ya Wazungu. Anayekujibu hivyo ndiye Jumamosi atakayekuwa kibandani akigombana na jirani yake kwa sababu ya Arsenal, kana kwamba Arsenal ilianzishwa Kieni.

Sijui ni nani aliyetugawia michezo, wala alitumia kipimo gani. Kandanda ililetwa na Waingereza, tukaichukua. Safari Rally ilianza 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, aliyerithi taji mwaka uliotangulia akiwa Treetops, hapa hapa Aberdare. Leo magari hayo yakipita Naivasha, nani anakumbuka taji? Baden-Powell, aliyezikwa Nyeri 1941, alicheza polo alipokuwa mwanajeshi India. Skauti yake tumeichukua na skafu zake zote. Polo tu ndiyo tumemwachia.

Na hata yeye hakuzaliwa nayo. Waajemi na watu wa Asia ya Kati walifukuza mpira juu ya farasi karne nyingi kabla Mwingereza hajashika gongo. Isfahan, kule Iran, nguzo za mawe za magoli bado zimesimama katika uwanja mkuu wa mji. Waingereza waliuona mchezo ukichezwa na watu wa Manipur, pembeni mwa India, na wenye mashamba ya chai wakaanzisha klabu yao Silchar mwaka 1859. Klabu ya Nairobi ilipoanzishwa 1907, hata nusu karne ilikuwa haijatimia. Walikuwa wanagenzi bado! Waargentina nao walifundishwa na walowezi Waingereza, lakini hawakukaa steji wakinung'unika. Medali ya kwanza ya dhahabu ya Argentina katika Olimpiki, Paris 1924, ilitokana na polo, na hadi leo wengi wa wachezaji bora duniani ni wao.

Najua kinachouma. Kiwanja kimoja cha polo kinakula karibu ekari 10. Mkulima wa viazi anayewagawia wanawe ekari mbili, na ambaye kiangazi maji ya Mto Naro Moru humfikia kwa zamu, ana kila haki ya kuuliza nyasi zile zinanyweshwa kwa maji ya nani. Swali hilo lipelekwe Tume ya Ardhi na kwa chama cha watumiaji maji, lisukumwe hadi lijibiwe. Kumnunia farasi hakurudishi hata robo ekari.

Kisingizio kingine ni kwamba mchezo haueleweki. Huo ni uvivu. Kila timu ina watu wanne. Goli lina upana ule ule wa goli la kandanda, ila halina mwamba wa juu wala kipa. Mpira ukipita kati ya nguzo, hata angani, limeingia. Kila goli likifungwa timu hubadilishana pande, kwa hiyo usidhani wamechanganyikiwa. Kipindi ni dakika saba, kisha mchezaji hubadilisha farasi. Gongo hushikwa kwa mkono wa kulia tu, hata na mwenye shoto, la sivyo wangevaana uso kwa uso.

Shika sheria moja tu, nyingine zitakuja zenyewe. Mpira ukipigwa huchora njia, na anayeufuata kwenye njia hiyo ndiye mwenye haki. Kumkatia mbele ni sawa na matatu inayochomoka kando na kuingia barabara ya Nanyuki bila kuangalia lori linalokuja, na refa hatanyamaza. Lakini kumwendea ubavuni, bega kwa bega, ukamsukuma nje ya njia, ruhusa. Kunasa gongo lake kwa gongo lako anapotaka kupiga, ruhusa pia. Basi usihangaike kuufuata mpira wenyewe, utakupotea. Tazama njia yake na ni nani wanaoigombania.

Kisha geuza macho nje ya kiwanja, maana huko ndiko usemi wa steji unakodhulumu watu. Huko Timau, mbele ya Nanyuki, au Gilgil, saisi, mtunza farasi, yuko bandani mapema kabla mchezaji hajavaa buti. Manyoya marefu ya shingoni yamenyolewa yasinase hatamu. Mkia umesukwa, ukakunjwa, ukafungwa usinaswe na gongo. Miguu yote minne imezungushiwa bendeji, na hapo ndipo penye ufundi: ikikaza mno kano zinaumia, ikilegea inafunguka katikati ya mbio na farasi anaikanyaga. Kipindi kikiisha anampokea farasi anayetoka povu na papo hapo kumkabidhi mchezaji farasi mwingine aliye tayari. Kazi hii ina watu wetu tele, na ujuzi wao hausomwi kitabuni. Kusema polo ni ya Wazungu ni kusema hao hawapo.

Mchezo ukifika mapumziko, watazamaji huingia uwanjani kukanyagia mapande ya nyasi yaliyong'olewa na kwato. Ingia nawe, ukanyage. Ukitoka, usikimbilie hema la vinywaji. Pitia kwa masaisi, wasalimie, uwaulize ni farasi yupi ataishiwa pumzi kipindi cha mwisho. Na kama umewekeana dau la nyama choma na rafiki yako, fuata jibu lao.