Anayelipa Umeme Aione Mita

Katika nyumba nyingi za kupanga za Tandale, Mwananyamala, Tandika na Mbagala, mita ya umeme ni moja na familia ni tano au sita. Mita hiyo hukaa chumbani kwa mwenye nyumba, au ukutani ndani ya sanduku la chuma lenye kufuli, na ufunguo ni wa mtu mmoja tu. Kila mwezi wapangaji hutajiwa kiasi cha kuchanga, lakini hawaonyeshwi kilichonunuliwa wala kilichotumika. Anayethubutu kuuliza huambiwa kwamba vyumba ni vingi mjini, akatafute kwingine. Huo si utaratibu wa kupangishana nyumba. Ni unyonyaji, na hauna budi kuitwa kwa jina lake.

Yafaa ieleweke wazi kwamba mita si pambo la ukuta. Mita ni daftari la hesabu baina ya anayeuza umeme na anayeutumia, na wahenga walikwisha kuonya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mpangaji aliyenyimwa daftari hilo hana njia ya kujua kama fedha yake imewasha taa yake, au imegandisha barafu katika friji la biashara la mwenye nyumba. LUKU ilipoletwa katika miaka ya 1990, shabaha ilikuwa katika jina lenyewe: Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo. Kufuli la mwenye nyumba limeigeuza shabaha hiyo ikawa lipa kadiri uambiwavyo.

Hasara yake inahesabika. Katika bei zilizoanza kutumika Aprili 2016 kwa idhini ya EWURA, mteja wa nyumbani mwenye matumizi madogo alipangiwa shilingi 100 kwa kila uniti katika uniti 75 za mwanzo za mwezi, na shilingi 350 kwa kila uniti inayozidi hapo. Nafuu hiyo iliwekwa kwa ajili ya kabwela. Basi zichukuliwe familia tano, kila moja ikitumia uniti 30 kwa mwezi. Kila familia ingekuwa na mita yake, ingelipa shilingi 3,000, mbali na kodi na tozo. Zikikusanywa katika mita moja, uniti zinakuwa 150, gharama inafika shilingi 33,750, na fungu la kila familia linakuwa shilingi 6,750. Mita hiyo ikihamishiwa katika daraja la matumizi ya kawaida, la shilingi 292 kwa uniti, fungu hilo linapanda hadi shilingi 8,760. Kwa njia hiyo watu watano wasio na uwezo wanahesabiwa kuwa tajiri mmoja, na nafuu waliyowekewa inapotea kabla haijawafikia.

Mzigo wa pili ni kodi ya majengo. Tangu Agosti 2021 kodi hiyo imekusanywa kwa kukatwa katika ununuzi wa umeme: shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, kiwango kilichopandishwa kuwa shilingi 1,500 mwaka 2023. Serikali ilieleza tangu mwanzo kwamba mdaiwa ni mwenye jengo, na kwamba mpangaji aliyekatwa apatane naye ili arudishiwe katika kodi ya pango. Lakini mtu ambaye haruhusiwi hata kuiona mita atadai marejesho kwa ushahidi gani?

Wako wenye nyumba wanaodai kwamba wapangaji ni waharibifu, kwamba wakiachiwa mita wataichezea na kuiba umeme. Hoja hiyo haina uzito. Dawa ya wizi ni kila mtu kuwa na mita yake na kuwajibika kwayo, si kuwafungia wote gizani kwa kosa la mmoja. Wengine husema kwamba kuunganisha mita kwa kila familia ni gharama. Ni kweli, lakini mwenye nyumba anayepokea kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo hawezi kulia ukata. Angalau aweke mita ndogo katika kila chumba, ili mchango ufuate matumizi, hata kama nafuu ya bei haitapatikana kwa njia hiyo.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Sharti hilo lililegezwa Zanzibar mwaka 1991. Sheria ya mwaka 1984 ya kudhibiti kodi za pango nayo ilifutwa mwaka 2005. Kupangisha nyumba leo ni halali kwa kila mtu. Kumnyonya mpangaji hakujawa halali kwa yeyote. Mabaraza ya ardhi na nyumba yapo, lakini mpangaji aliyezimiwa swichi usiku, mtoto wake akiwa na mtihani asubuhi, hawezi kungoja tarehe ya shauri.

Kwa hiyo mkataba wa pango hauna budi kutaja mita iko wapi, namba yake ni ipi, na nani analipa kodi ya majengo. Mita iwekwe mahali pa wazi, na stakabadhi ya kila ununuzi ionyeshwe kwa wote waliochanga. Serikali za mitaa zisikubali kushuhudia mkataba usio na mambo hayo.

Walimu na watumishi wa umma wamo pande zote mbili za suala hili. Wengi ni wapangaji, na wako waliokwisha kujenga vyumba vya kupangisha. Hao wa pili ndio waanze. Mtumishi anayedai haki ofisini mchana, kisha jioni akafunga mita ya wapangaji wake kwa kufuli, hana haki ya kumlaumu mnyonyaji mwingine yeyote.