Usiandike tu « internet »: kila andiko liko na mwenyewe



Kila mwaka, ikifika miezi ya kuandika TFC na memwari, kuna barua moja inarudi. Ni ile inayoitwa barua ya Mfalme Leopold II kwa wamisionari, 1883. Inazunguka kwenye WhatsApp, inasomwa kwa sauti kwenye mikutano, na sasa inaingia hata ndani ya kazi za historia. Chini ya ukurasa, mwanafunzi anaweka nota ya neno moja: « internet ».

Tuseme wazi: barua hiyo haisimami. Hakuna aliyewahi kuonyesha karatasi yake ya asili. Mwaka 1883 Etat Indépendant du Congo haikuwa bado, ilitangazwa 1885. Mapadri wa Scheut, wamisionari Wakatoliki wa kwanza waliotoka Ubelgiji kuja Kongo, walifika 1888. Zaidi ya hayo, karibu maneno yaleyale yanazunguka pia kama hotuba ya Waziri wa Makoloni Jules Renkin ya mwaka 1920, na Renkin aliacha wizara hiyo 1918. Mtoto mmoja, baba wawili, na hakuna hata mmoja wao anayeweza kutolewa ushahidi.

Tunajua watakaotujibu: hata kama hakuiandika yeye, si mambo yenyewe njo yalifanyika? Hapo njo tunakataa. Juu mambo yalifanyika kweli, hatuna haja ya karatasi ya kutunga. Angalia picha ya Nsala, yule baba aliyeketi akitazama mkono na mguu wa binti yake Boali. Ilipigwa 1904 huko Baringa, Equateur, na mmisionari Mwingereza Alice Seeley Harris, wakati kampuni ya mpira ABIR ilikuwa inatawala sehemu hiyo. Mpigaji tunamjua, mahali tunapajua, mwaka tunaujua, jina la baba tunalijua. Miaka zaidi ya mia imepita na hakuna aliyeweza kuifuta. Lakini sisi wenyewe tunaishirikisha kwenye Facebook bila jina, na mwaka wa kubahatisha, halafu tunaiweka pembeni ya barua ya uongo. Mtu anayetaka kumtetea Leopold hana kazi kubwa tena. Anaonyesha barua ni feki, halafu anasema: munaona, na yale mengine ni vile vile. Nsala anauawa binti mara ya pili, na ni sisi tuliofungua mlango.

Sasa, kuna walimu ambao dawa yao ni moja: hapana kutumia internet kabisa. Wakiona anwani ya wavuti chini ya ukurasa, wanakata pointi bila kuifungua. Tunawaheshimu, lakini hapo wanatufungia njia. Mwanafunzi wa Goma, wa Bunia, wa Uvira, atasomea historia yake wapi? Sehemu kubwa ya karatasi za ukoloni iko Bruxelles, na visa hatupewi kwa sababu tunapenda arshivi. Karatasi nyingi za Etat Indépendant Leopold aliamuru zichomwe 1908, kabla ya kukabidhi Kongo kwa Ubelgiji. Hapa Goma, lava ya Nyiragongo ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji, na karatasi haina mbio. Wanaosema karatasi ni salama kuliko mtandao hawakukaa huku.

Na kwenye mtandao kuna nini? Kuna ripoti ya konsuli Roger Casement, iliyochapishwa na serikali ya Uingereza 1904. Kuna ripoti ya tume ya bunge la Ubelgiji ya 2001 juu ya kifo cha Lumumba, ile iliyokubali kwamba baadhi ya mawaziri wa Ubelgiji walikuwa na jukumu la kimaadili. Kuna kitabu cha nyaraka za Marekani juu ya Kongo 1960–1968, kilichotolewa 2013, chenye mambo ya CIA ambayo kitabu cha kabla yake kiliyaacha nje. Na kuna Rapport Mapping ya Umoja wa Mataifa, Oktoba 2010: matukio 617 ya mauaji na ubakaji, kati ya Machi 1993 na Juni 2003, kurasa zaidi ya 550. Hiyo ya mwisho wengi wetu tumeisomea kwenye telefone, kwa mega za kuungaunga, na hatutakuja kuiona katika rafu ya maktaba yoyote ya karibu.

Kwa hiyo internet si chanzo. Ni barabara tu. Hakuna anayeandika « nimepata kwa barabara ». Unaandika nani alisema, kichwa cha andiko, mwaka lilipotoka, ukurasa gani, kisha anwani na siku uliyolifungua. Rapport Mapping ina paragrafe zenye namba: weka namba. Nyaraka za Marekani kila moja iko na namba yake: weka namba. Mtu wa juri akitaka kubisha, afungue mahali penyewe, asitafute kurasa mia tano. Kama ni Wikipedia, shuka chini, fuata nota zake mpaka andiko lenyewe. Na juu linki zinakufa, hifadhi ukurasa kwenye Wayback Machine ya archive.org siku ile ile unaposoma. Ni bure, inaomba dakika moja, kama réseau inakubali.

Kuna ujanja mwingine tunaouonaka sana: mtu anasoma kitu kwenye wavuti, halafu kwa nota anaandika kitabu cha Paris ambacho hajawahi kukigusa, ili kazi ionekane nzito. Sasa ChatGPT imekuja kuongeza: ukiiomba vitabu juu ya Masisi au Fizi, inaweza kukutungia mwandishi, kichwa, mwaka na hata ukurasa, vyote vizuri, na kitabu hakipo duniani. Nota ya namna hiyo ni mbaya kuliko kutokuweka nota. Sisi tulio na diploma na tunazunguka na CV kila wiki tunajua uzito wa karatasi ambayo hakuna anayeiamini.

Tunachoomba kwa idara za historia ni kidogo: karatasi moja, kwa kila mwanafunzi anayeanza TFC, inayoonyesha namna ya kutaja andiko la mtandaoni, na juri ihukumu andiko lenyewe, si barabara lililopitia. Na kwenu munaotufuata: wiki hii, ukiona picha ya Nsala inapita kwenye grupu bila maelezo, usiipite. Andika chini yake: Alice Seeley Harris, Baringa, 1904.