Usimdharau Buu

Wako wasemao, ewe msomaji, kwamba kuchunguza mabuu ya maiti ni uchafu usiomfaa mtu aliyesoma. Wamekosea. Nzi hutaga mayai juu ya maiti mapema, mara nyingi siku ile ile ya kifo; basi umri wa buu hufichua marehemu amelala pale siku ngapi. Lakini buu hukua upesi penye joto, polepole penye baridi. Wa Ishiara, bondeni Embu, humtangulia mwenzake wa Kibirichia, nyanda za juu za Meru. Ukitumia Ishiara hesabu zilizopimwa katika baridi ya Ulaya, utazidisha siku, na asiye na hatia ataulizwa alikuwa wapi siku isiyohusika. Nani atawapima nzi wetu, ikiwa mwaona kinyaa? Kipande cha nyama, kipimajoto na daftari vyatosha kuanzia.