Gemu rahisi ni ya watoto? Acheni ujiko!

Leo naomba tuyaweke pembeni mambo ya mapenzi na mavazi, tuingie kwenye ubishi mmoja ambao hapa kijiweni kwetu umekaribia kuvunja urafiki wa watu waliosoma pamoja tangu darasa la kwanza. Ubishi wenyewe ni huu: gemu za video ziwe ngumu au ziwe rahisi?

Kambi ziko mbili. Ya kwanza inasema gemu lazima ikutoe jasho, ufe mara hamsini, pedi iteleze mkononi, halafu siku ukishinda mtaa mzima ujue. Kwao hawa, mtu aliyechagua kiwango rahisi ni sawa na aliyevuka mto kwa kubebwa mgongoni halafu anajisifu anajua kuogelea. Kambi ya pili inasema wajameni, mtu umetoka kibaruani umechoka, bosi kakugombeza, konda kakuzungusha chenji, sasa ukae tena kuteswa na zimwi la kwenye televisheni, tena kwa hela yako mwenyewe? Ya nini yote hayo?

Mimi nasema wote wana hoja, ila wote wameruka swali la msingi. Kabla hujauliza gemu iwe ngumu kiasi gani, uliza kwanza: ugumu huo umewekwa kwa faida ya nani?

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1978 kampuni ya Taito ya Japani ilitoa Space Invaders, ile ya wavamizi wanaoshuka kutoka angani na wewe uko chini unawatungua. Mashine zake zilikuwa za kutumbukiza sarafu. Ukifa, sarafu nyingine. Sasa jifanye wewe ndiye mwenye mashine: mtu anayecheza saa nzima kwa sarafu moja si hasara tupu? Kwa hiyo gemu za wakati ule zilitakiwa zikutoe mapema, lakini isiwe mapema mno, maana ukichemsha sekunde ya tano hurudi tena. Ugumu ulikuwa dili!

Wakati mwingine ugumu ulijileta wenyewe. Kwenye Space Invaders, wavamizi wakizidi kupungua ndivyo wanavyozidi kukimbia. Mtunzi wake, Tomohiro Nishikado, hakupanga hivyo. Mtambo wa kompyuta ulikuwa dhaifu. Ukibeba wavamizi wengi unajikokota, wakipungua unachanganya miguu. Jamaa alipoona mambo yananoga, akaacha hivyo hivyo.

Baadaye gemu zikahamia sebuleni. Hapo hakuna sarafu, umeshanunua, ni yako. Lakini ugumu ukabaki, kama mgeni aliyesahau kuaga. Ukitaka kujua ulivyozidi, msikilize huyu. Kazuhisa Hashimoto wa kampuni ya Konami alikuwa anaandaa gemu ya Gradius kwa ajili ya mashine za nyumbani, ikatoka mwaka 1986. Kazi yake ilimtaka aijaribu mwanzo hadi mwisho, na ikamshinda! Yeye mwenyewe fundi! Akaona isiwe taabu, akajiwekea ufunguo wa siri: juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A. Ukibonyeza hivyo unapewa silaha za kutosha. Ufunguo ule ukabaki ndani ya gemu ilipokwenda sokoni, na kwenye gemu nyingine ya kampuni hiyo, Contra, ukawa unakupa maisha 30 badala ya matatu. Hashimoto alifariki mwaka 2020, na wapenzi wa gemu pande nyingi za dunia walimlilia. Wanamkumbuka kwa kuwapunguzia mateso, wala si kwa kuwaongezea.

Mwaka huo huo wa 1986 Nintendo walitoa Super Mario Bros. 2 kule Japani. Ilikuwa ngumu kweli kweli, mpaka wenzao wa Marekani wakagoma kuiuza kwao. Wamarekani wakapewa gemu nyingine kabisa yenye jina hilo hilo mwaka 1988, na ile ya Kijapani wakaja kuionja mwaka 1993. Nani anasema ubishi huu ni wa leo?

Na dharau nazo ni za zamani. Kwenye Wolfenstein 3D ya mwaka 1992, ukichagua kiwango rahisi kuliko vyote unaoneshwa picha ya shujaa amevaa kofia ya kichanga na chuchu bandia mdomoni. Mzaha ndiyo, lakini ujumbe umefika: wewe mtoto, katulie. Ule ujiko wa kijiweni kwetu una mizizi mirefu.

Haya, nisije nikaonekana natetea wavivu. Gemu rahisi mno nayo haina maana. Nina mshikaji wangu mmoja, kwenye gemu ya mpira aliiweka kompyuta kiwango cha chini kabisa, akashinda tisa bila. Mechi ya pili kumi na moja. Mechi ya tatu alikuwa anapiga miayo, ya nne akaniachia pedi. Ushindi usio na wasiwasi ni kama pilau isiyo na viungo, tumbo linajaa ila hakuna anayeuliza kapika nani.

Kwa hiyo kambi ya ugumu nawapa haki yao. Mwangalieni Hidetaka Miyazaki, mtunzi wa Dark Souls ya mwaka 2011 na Elden Ring ya mwaka 2022. Gemu zake hizo hazina pa kuchagua kiwango. Hoja yake ni kwamba anataka wachezaji wote wapite mlima ule ule, ili wakikutana wazungumze lugha moja. Na watu wamemwelewa: Elden Ring ndani ya mwaka mmoja hivi ilivuka nakala milioni 20. Siri yake ni kwamba ukifa, mara nyingi unajua umefia nini. Uliharakisha, ulipaparika, ulikuwa na tamaa ya kupiga mara moja zaidi. Huo ni ugumu wa haki. Tena hata yeye kaacha vichochoro: bosi akikushinda unaweza kwenda kwingine ukajijenga, au ukaita mizimu ikusaidie. Hilo mabingwa wa kijiweni huwa hawalisemi!

Ila kuna watu ambao ule mlima wa Miyazaki si mlima kwao, ni ukuta. Mtu mwenye mkono mmoja, mtu asiyeona vizuri, mtu ambaye vidole vinatetemeka. Kiwango unachokiita rahisi wewe, kwake ndiyo jasho lenyewe. Ukimwambia aongeze bidii unamtukana. Mwaka 2018 Microsoft walitoa Xbox Adaptive Controller, pedi yenye batani mbili kubwa na matundu ya kuchomekea swichi nyingine, mtu acheze kwa kiwiko au kwa mguu. Mwaka 2020 gemu ya The Last of Us Part II ikaja na marekebisho zaidi ya 60 kwa ajili ya watu wa aina hiyo. Sijasikia aliyelala njaa kwa sababu hiyo.

Na wale wa Celeste, gemu ya mwaka 2018 ya binti anayepanda mlima, wamenikuna zaidi. Gemu ile ni kisirani, unaweza kufa mara elfu. Lakini kuna mahali ukiingia unapunguza mwendo, unaamua asichoke, hata unaamua asife kabisa. Asiyetaka haingii. Mabingwa wana ugumu wao, wengine wana njia yao, na mlima ni ule ule mmoja.

Tena jambo hili wazee wetu wa pwani walilimaliza zamani. Bao la kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kila mtu anaanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi, na hapo kichwa kinauma kweli. Lakini anayeanza hatupwi humo. Liko bao la kujifunza, kila shimo kete mbili, zote ziko ubaoni tangu mwanzo. Hujasikia mzee wa barazani akisema bao la kujifunza limeua heshima ya bao. Anajua bila ngazi hiyo kesho atakosa wa kucheza naye.

Sasa turudi kwenye lile swali la faida ya nani, maana hapa ndipo mjini tunapigwa. Chukua simu yako. Candy Crush Saga, tangu mwaka 2012, inakupa maisha matano. Yakiisha unasubiri nusu saa upewe moja, au unaomba marafiki, au unatoa hela. Unakwama hatua fulani, umebakiza pipi mbili tu, mara kitufe hiki hapa cha kununua! Mpenzi msomaji, hiyo ni sarafu ya mwaka 1978 imerudi imevaa suti. Tofauti ni kwamba zamani mashine ilikuwa mtaani, ukaishiwa ukaenda nyumbani. Hii unalala nayo kitandani. Ugumu wa namna hii haukufundishi kitu, ni wa kukukamua.

Kwa hiyo ukiniuliza mimi, nasema hivi. Anza kiwango cha kati. Ukifa na unajua kwa nini, ng'ang'ana hapo hapo, utamu unakuja. Ukifa na hujui kwa nini, shusha kiwango bila aibu, hakuna mtihani wa taifa hapo. Na ukifa halafu gemu inakuomba hela ili uendelee, zima, kalale!

Na wewe bingwa, ukimwona dogo amechagua kiwango rahisi, mpishe acheze. Mwaka 2023 kijana wa miaka 13 kule Oklahoma, Marekani, alicheza Tetris ya Nintendo mpaka mashine yenyewe ikaganda, jambo ambalo hakuna binadamu aliyejulikana kulifanya kabla yake. Hakumkataza mtu yeyote kucheza taratibu. Alikuwa na kazi zake.

Wiki ijayo Mungu akipenda tutaongelea watu wanaoazima pedi na kuirudisha batani imelegea. Wanajijua!