Plake ya mbele si pambo

Huko Florida, Marekani, plake ya nyuma peke yake inatosha. Mwenye gari akiondoa kishikio cha mbele, akaziba matundu kwa mastiki na kupaka rangi ya pareshoki, hana kosa. Huku Kongo, sheria ya barabara ya tarehe 30 Agosti 1978 inadai plake mbili, mbele na nyuma. Lakini wapo wanaoiga mtindo huo, eti gari inapendeza. Inampendeza nani? Jeep ikimgonga mama wa soko na kukimbia, shahidi aliyeiona ikija atataja rangi tu. Na rangi hiyo wanayo wengi. Polisi wa barabarani, wepesi kusimamisha motari asiye na kofia, waanze na jeep hizo. Fundi aliyeziba matundu naye aulizwe.