Malkia Mkombozi na Mwalimu wa Meereen

Mtu autazamapo mchezo wa televisheni kwa mara ya kwanza hushughulishwa zaidi na swali la nani atashinda. Autazamapo kwa mara ya pili mshindi amekwisha kujulikana, na macho hupata nafasi ya kuzunguka barazani: yaone nani amesimama nyuma ya kiti cha enzi, nani amepiga magoti mbele yake, na nani ametolewa nje kabla hajamaliza kusema. Ndivyo ilivyo kwa Game of Thrones, ule mchezo mrefu wa kubuni ulioanza kuonyeshwa na kampuni ya HBO ya Marekani mwezi wa Aprili, 2011, ukamalizika tarehe 19 Mei, 2019, baada ya sehemu 73 katika misimu minane. Umetokana na vitabu vya George R. R. Martin, ambavyo cha kwanza kilichapishwa mwaka 1996. Ndani yake mna majoka, wachawi na wafu wanaotembea. Lakini kiini chake ni serikali: nani atawale, kwa haki gani, na kwa faida ya nani.

Ulipomalizika ulizuka ugomvi mkubwa, na sehemu kubwa ya ugomvi huo ilihusu mtu mmoja, Daenerys Targaryen. Huyu ni binti wa mfalme aliyepinduliwa, aliyekulia uhamishoni, akapata majoka matatu, akawaweka huru watumwa katika miji mitatu, kisha akavuka bahari kudai kiti cha baba yake. Katika sehemu ya tano ya msimu wa mwisho kengele za kusalimu amri zinagongwa katika mji mkuu, King's Landing. Naye, akiwa juu ya joka, anauteketeza mji pamoja na wanawake na watoto waliomo. Watu zaidi ya milioni moja walitia sahihi ombi la kutaka msimu huo utengenezwe upya. Upande mmoja ulidai kwamba waandishi, David Benioff na D. B. Weiss, walimgeuza malkia ghafla bila sababu. Upande wa pili ulijibu kwamba wazimu ulikuwa katika damu yake, kwani baba yake aliitwa Mfalme Mwendawazimu.

Kila upande una hoja. Lakini pande zote mbili zilitazama damu ya malkia na hasira yake, zikasahau kuitazama ofisi yake.

Ushahidi dhidi ya malkia ulikuwapo tangu mwanzo, wala haukufichwa. Katika msimu wa kwanza, mumewe Drogo, mkuu wa wapanda farasi wa Dothraki, anaapa kumrudishia mkewe kiti cha ukoo wake. Vita huhitaji mali. Kwa hiyo mji wa wafugaji wa kondoo unavamiwa, wanaume wanachinjwa, wanawake wananajisiwa, na waliosalia wanakusanywa ili wapelekwe kwa wauza watumwa. Daenerys anawahurumia wanawake hao, anakataza wasiguswe tena, na mtazamaji wa mara ya kwanza anampenda kwa hilo. Mtazamaji wa mara ya pili hana budi kukumbuka kwamba uvamizi wenyewe ulifanywa kwa ajili ya kiti chake. Mmoja wa waliookolewa, mganga aitwaye Mirri Maz Duur, analikumbuka vizuri. Anauliza uhai huo alioachiwa una thamani gani, ikiwa hekalu lake limechomwa, watu wake wameuawa, na yeye mwenyewe alikwisha kunajisiwa na wanaume watatu kabla mwokozi hajafika. Swali lake halijibiwi. Mganga, ambaye amekwisha kulipiza kisasi kwa kumwangamiza Drogo na mtoto aliyekuwa tumboni mwa Daenerys, anafungwa kwenye kuni za maziko na kuchomwa hai. Katika moto huo huo yanaanguliwa majoka. Mwaka 2011 watazamaji waliondoka na habari za majoka. Swali la mganga waliliacha motoni.

Mwaka uliofuata, mbele ya malango ya mji wa Qarth, malkia asiye na jeshi wala mji anawaambia wenyeji kwamba majoka yake yakishakua atateketeza miji, na kwamba wakimnyima nafasi ya kuingia wao ndio watakaoanza kuungua. Maneno hayo yalisemwa miaka saba kabla ya King's Landing kuwa majivu. Anayedai kwamba hakuonywa na airudie sehemu ya nne ya msimu wa pili.

Kwa nini basi onyo halikusikika? Kwa sababu waliokuwa wakiuawa ama walikuwa waovu, ama hawakuwa na majina. Huko Astapor, katika msimu wa tatu, malkia ananunua askari matowashi 8,000 kwa bei ya joka moja, kisha anawaamuru wawaue mabwana wao, na joka lenyewe linamchoma muuzaji. Ni tukio la kusisimua kweli kweli, na hakuna mwenye moyo atakayemlilia muuza watumwa. Lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mgema huyu alisifiwa katika kila pembe ya dunia. Msimu huo unafungwa na picha ya watumwa wa Yunkai wakimbeba juu kwa juu: mwanamke mmoja mweupe, mwenye nywele za rangi ya fedha, katikati ya bahari ya watu wa rangi ya udongo wanaomwita Mhysa, yaani Mama. Picha hiyo ililaumiwa tangu mwaka huo huo wa 2013. Jibu lililotolewa ni kwamba upigaji picha ulifanyika Morocco, na walioajiriwa kuigiza umati walikuwa wenyeji wa huko. Jibu hilo laeleza vibarua walipatikana wapi. Halielezi kwa nini kati ya maelfu yale hakuna aliyepewa la kusema zaidi ya neno lile moja.

Mtihani wenyewe ulikuwa Meereen. Huko malkia hakuenda zake kama alivyofanya Astapor, ambako nyuma yake mchinja nyama aitwaye Cleon alijivika taji. Aliamua kukaa na kutawala. Watazamaji wengi waliziona sehemu hizo kuwa za kuchosha, kwa sababu hakuna vita vikubwa. Kuna baraza tu, na foleni ya wenye shida. Mtumishi wa serikali atazitazama kwa jicho jingine kabisa, kwani hapo ndipo malkia anapoonekana akiwa kazini.

Mabwana wa Meereen walikuwa wamewasulubu watoto 163 wa watumwa, mmoja katika kila maili ya njia ya kuingilia mjini. Malkia anasulubu mabwana 163. Barristan Selmy, askari mzee aliyewatumikia wafalme wengine kabla yake, anamshauri aujibu udhalimu kwa huruma. Yeye anasema atajibu kwa haki. Hesabu ya malkia inalingana, na hesabu iliyolingana hufanana sana na haki. Sehemu mbili baadaye anakuja barazani Hizdahr zo Loraq kuomba ruhusa ya kumzika baba yake, mmoja wa wale 163, ambaye kwa maelezo ya mwanawe alikuwa amepinga kusulubiwa kwa watoto. Hapakuwa na hakimu wala shahidi. Ilikuwapo idadi tu.

Katika msimu wa tano jambo hilo linageuka kichwa chini. Mossador, aliyekuwa mtumwa na sasa ni mjumbe katika baraza la malkia, anamuua mfungwa wa kundi la wauaji linalowatetea mabwana wa zamani. Malkia anaamuru akatwe kichwa hadharani, kwa kuwa mfungwa alistahili kwanza kupelekwa mbele ya sheria. Kanuni ni nzuri, na malkia anailipia gharama kubwa, maana umati wa watu aliowaweka huru unamzomea. Lakini haipiti hata wiki nne za maonyesho kabla ya yeye mwenyewe kuwakusanya wakuu wa koo za Meereen na kumtupa mmoja wao mbele ya majoka, bila shitaka na bila kujali kama ana hatia. Sheria iliyomkata kichwa Mossador haikumfika aliyeitunga. Hapa hapana haja ya kutafuta wazimu wa baba. Hata mtawala mwenye akili timamu kabisa angeweza kufanya hivyo, na wengi wamefanya.

Hata hivyo, mtu wa maana kuliko wote katika mambo ya Meereen ni mzee mmoja anayeonekana kwa dakika chache tu, katika sehemu ya mwisho ya msimu wa nne. Jina lake Fennesz. Alikuwa mtumwa, na kazi yake ilikuwa kuwafundisha watoto wa bwana wake. Katika nyumba hiyo aliheshimiwa, alikuwa na mahali pa kulala, na watoto walimpenda. Sasa ni mtu huru. Analala katika mabweni aliyofungua malkia, ambamo vijana huwaonea wazee, na hana kazi. Anapiga magoti kuomba ruhusa ya kujiuza tena kwa bwana wake wa zamani.

Malkia anasikitika, kisha anamruhusu kufanya mkataba na bwana huyo kwa muda usiozidi mwaka mmoja. Mzee anashukuru na kuondoka. Barristan anatahadharisha kwamba mabwana wataitumia nafasi hiyo, na kwamba watu watakuwa watumwa kwa kila kitu isipokuwa jina. Shauri linalofuata linaitwa.

Hadithi ina majoka, lakini jambo hili halikutungwa hewani. Unguja na Pemba, amri ya mwezi wa Aprili, 1897, iliondoa hadhi ya utumwa katika sheria. Lakini mtumwa aliyetaka uhuru wake alipaswa kwenda kuuomba, na fidia walipewa mabwana. Wengi walibaki katika mashamba yale yale ya mikarafuu kwa mapatano ya kazi, kwani ardhi ilikuwa ya bwana, na kibanda cha mtu kilikuwa juu ya ardhi hiyo. Msomaji anayeijua habari hiyo hatashangaa kumwona Fennesz akirudi alikotoka. Atashangaa kwamba barazani pote hapana aliyeuliza nani anayasimamia mabweni, wala kwa nini wazee hawana mlinzi.

Na kuna la ajabu zaidi. Mji umejaa watoto walioachiwa huru, ambao hakuna aliyewahi kuwafundisha kusoma. Mbele ya malkia amesimama mwalimu mzoefu, asiye na mwanafunzi hata mmoja. Malkia hakuziunganisha habari hizo mbili. Washauri wake hawakuziunganisha. Na waandishi wa mchezo, kwa jinsi walivyoharakisha kwenda kwenye jambo jingine, yaelekea nao hawakuziona. Chuma cha minyororo kilikatwa kwa moto wa majoka, lakini hapakufunguliwa shule hata moja.

Washauri nao wana deni lao. Tyrion Lannister hupendwa na watazamaji kwa ulimi wake mkali na busara yake, na anapoachiwa mji katika msimu wa sita anakubaliana na mabwana wa miji ile kwamba utumwa uondolewe polepole katika muda wa miaka saba. Makubaliano anayafanya kwanza, walioachiwa huru anawaeleza baadaye. Tyrion alikuwa ameonja utumwa kwa siku chache, na hilo analitaja kama ushahidi wa kujua kwake. Missandei, mkalimani wa malkia, aliyechukuliwa utumwani tangu utotoni, anamwuliza ulikuwa wa siku ngapi, kisha anamwambia kwamba siku hizo hazikutosha kumfanya aelewe. Ni maneno machache yenye uzito kuliko hotuba zote za Tyrion. Baraza linamsikiliza, na mambo yanaendelea kama yalivyopangwa. Mabwana wanatumia nafasi hiyo kuunda merikebu na kuja kuushambulia mji.

Tyrion huyo huyo, katika sehemu ya mwisho kabisa, akiwa kifungoni, ndiye anayepewa kazi ya kueleza kosa. Anasema kwamba kila alikokwenda malkia waovu walikufa, na watu wakamshangilia. Maelezo hayo ni mazuri, tena yanamgusa mtazamaji aliyekuwa akishangilia kutoka kitini kwake. Lakini yamekuja yamechelewa, na hayakamiliki. Yanahesabu waliouawa tu. Hayamtaji Fennesz, wala Mossador, wala mganga wa hekalu lililochomwa. Yaani hayawataji wale walioletwa mbele ya malkia wakiwa hai na wakaondoka bila jibu.

Ni haki kukiri kwamba waandishi walibanwa na haraka waliyojitakia wenyewe. Misimu sita ya kwanza ilikuwa na sehemu kumi kila mmoja; wa saba ukapewa saba, na wa nane sita. Safari iliyohitaji mwaka ikaenda kwa siku moja, na malkia akavuka kutoka huzuni hadi maangamizi katika muda usiotosha kupika chungu cha maharage. Wanaolalamikia jambo hilo hawakosei. Lakini muda zaidi usingembadilisha malkia, kwani mtu huyo alikwisha kuonyeshwa kwa ukamilifu kabla hajavuka bahari.

Alipoondoka Meereen, mwishoni mwa msimu wa sita, aliuacha mikononi mwa Daario Naharis na askari wa kukodiwa, walinde amani mpaka wenyeji wajichagulie viongozi. Kamera haikurudi huko tena. Katika sehemu ya mwisho ya mchezo wakuu wa koo za Westeros wanakutana kuchagua mfalme, na Samwell Tarly, kijana msomi, anapendekeza kwamba watu wote waulizwe. Wakuu wanaangua kicheko. Mmoja anauliza kama mbwa wake naye atapiga kura, na mchezo unawaacha wacheke, kisha unaendelea na uchaguzi wa wakuu wenyewe. Askari matowashi, waliokuwa watumwa, wanapanda merikebu na kwenda zao kisiwa cha Naath.

Na mkataba wa Fennesz ulikuwa wa mwaka mmoja. Mchezo uliendelea kwa misimu minne zaidi, lakini mwalimu yule hakuonekana tena, wala hapakuwa na mtu aliyeuliza habari zake.